Mlango Mgongoni

Andama amezoea kutusemea filamu.
Mchina akiruka ukuta, humpa jina la mtaa wetu,
jambazi akidondoka, amedondoka kama deni la Driciru,
na sisi, mabenchi kumi ya mbao na jasho,
hucheka kabla hatujaona.

Jumatano ile flashi ilikuja imeandikwa VITA, SEHEMU YA TATU.
Nililipa elfu moja, nikakaa karibu na feni iliyokufa,
sindano zingali kwenye ukosi wa shati,
maana nilitoka cherehani moja kwa moja.

Hapakuwa na vita.
Palikuwa na mwanamke anapiga pasi mto.
Mto wa maji, si wa kulalia.
Akaunyoosha mikunjo, akaukunja mara nne,
akauweka kabatini.
Akaja hakimu na futi ya fundi kama yangu
akauza vivuli vya watu kwa mita,
na aliyepungukiwa nauli akakatiwa chake magotini.
Kuku mmoja akasoma hotuba.
Hotuba ilikuwa ya kweli.

Andama alisogeza maikrofoni mdomoni, akaiondoa.
Akaisogeza tena.
Tukasikia anavyomeza mate kwenye spika mbili.
"Jamani," akasema, "hapa kila mtu ajitafsirie."

Vijana wa bodaboda walidai pesa zao.
Mmoja akauliza aliyeitengeneza alikuwa amevuta nini,
mwingine akasema wazungu wameishiwa na mambo ya kusema.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini macho yenyewe yalikuwa yanaulizana.
Mimi nilibaki kwa ubahili, nakiri:
elfu moja ni vifungo vya shati zima na cha akiba.

Kisha akatokea yule mama.
Anakata shamba la mtama, peke yake,
mlango mgongoni,
mlango mzima na bawaba zake,
kamba imekaza kwenye paji la uso.
Akafika mahali pasipo na kitu. Akausimamisha.
Akapangusa miguu.
Akabisha hodi.

Waliobaki wakacheka.
Nami nilicheka, kwa mazoea,
halafu koo likakataa.

Ule mlango naujua.
Mwaka wa themanini, risasi zilipotufikia,
Arua ilibeba magodoro, sufuria, mbuzi, mashine za kusaga.
Mama yangu, Maturu, aling'oa mlango.
Mvule. Baba aliuranda mwenyewe
kabla hajaitwa nje mara moja, asirudi.
"Ukuta ni udongo," alisema mama, "na udongo uko kila nchi."
Tukavuka Vurra usiku, mimi nimeshika kitasa
kama watoto wengine walivyoshika pindo la kitenge.

Ng'ambo, Zaire, aliusimamisha kati ya miti miwili,
nyuma yake hakuna nyumba, nyasi tu,
na ole wako upite pembeni.
Miezi minne tulibisha hodi nyasini,
naye kutoka upande wa pili,
kwa sauti ya mtu mwenye sebule:
"Karibuni. Vueni viatu."
Hatukuwa na viatu.
Tulivivua.

Haya sijawahi kumsimulia mtu.
Niliona aibu. Nilidhani ni wazimu wetu, wa nyumbani,
na kumbe kuna mtu, sijui wa nchi gani,
aliyeuota bila kutuomba ruhusa.

Mlango wa kwenye filamu ulianza kufunguka,
upenyo wa kidole hivi, na mwanga,
jenereta likaisha mafuta.
Andama aliomba radhi gizani. Sikudai kitu.

Meza yangu ya kukatia vitambaa ni mlango ule.
Tundu la ufunguo lingalipo; vifungo hupotelea humo.
Asubuhi Ezaru alileta sare ya mtoto
akanikuta nimeinama, sikio mezani.
Aliuliza kama naumwa.
Nikamwambia asubiri kidogo,
halafu, sijui kwa nini,
nikamwambia avue viatu.